Foleni ya San Antonio Ikitazamwa Kutoka Tunduma

Wewe uliye Vwawa, Mlowo, Itumba, Mkwajuni, na wewe dereva uliyezima injini pale Mpemba ukisubiri mstari usogee, karibu tuzungumze.

Leo tunachambua video moja ya muziki. Ni ya zamani, ya mwaka 1993, na muziki wake hauchezwi sana kwenye redio zetu. Ni rock, ile rock ya Marekani iliyoitwa mbadala kwa sababu ilikulia kwenye kumbi ndogo na redio za vyuo vikuu kabla kampuni kubwa hazijaitupia jicho. Bendi ni R.E.M., vijana wanne walioanza pamoja katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, mwaka 1980. Wimbo unaitwa "Everybody Hurts", yaani hakuna mtu asiyeumia. Nimeichagua kwa sababu moja tu: kisa chote cha video hii kinatokea ndani ya foleni ya magari. Na kama kuna watu Tanzania hii wenye haki ya kutoa hukumu juu ya kisa cha foleni, ni watu wa Tunduma, hapa mpakani na Zambia.

Redio haina picha, kwa hiyo nitaisimulia kwanza.

Tuko San Antonio, jimbo la Texas, kwenye barabara kuu ya ghorofa mbili. Magari yamejaa na hayaendi. Wanamuziki wanne wamo ndani ya gari moja katikati ya msongamano huo, wamekwama kama wenzao. Gitaa linaanza taratibu, nota moja moja. Kamera inaliacha gari la bendi, inapita kwenye magari ya jirani, kioo hadi kioo, uso hadi uso. Kila inapotua kwa mtu, maandishi yanatokea chini ya picha, na maandishi hayo ni yale anayoyawaza mtu huyo kwa wakati ule. Yeye mwenyewe hafungui mdomo. Amekaa tu, anatazama mbele, na wewe mtazamaji unasoma yaliyomo moyoni mwake: uchovu, hofu, majonzi aliyoyabeba tangu nyumbani. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Wimbo unapanda, na mwimbaji, Michael Stipe, anatoka garini. Mwishoni milango inafunguliwa huku na huku, watu wote wanashuka, wanayaacha magari yao palepale na kutembea kwa miguu. Halafu wanatoweka.

Ni zaidi kidogo ya dakika tano, na kisa ndicho hicho chote.

Aliyeiongoza ni Jake Scott, mtoto wa mwongozaji filamu Ridley Scott. Mwaka 1994 video hiyo ilipata tuzo nne za MTV, zikiwemo za uongozaji, upigaji picha na uhariri. Tuzo tuziache huko. Mimi nataka tuangalie imefanya nini hasa, kwa sababu vijana wengi wa mkoa huu sasa wana kamera mkononi, wanapiga video za nyimbo, na mara nyingi naona wanahangaika na swali lilelile: hadithi iingieje?

Jambo la kwanza. Ukiusikiliza wimbo huu macho yamefungwa, hutasikia gari. Hutasikia barabara, wala foleni, wala Texas. Maneno yake ni ya kumshika mkono mtu aliyekata tamaa na kumwambia avumilie, basi. Mpiga gitaa wao, Peter Buck, ameeleza kwamba waliyaandika maneno hayo waziwazi, bila mafumbo, kwa sababu walikuwa wanawalenga vijana wadogo. Wimbo hauna mhusika, hauna mahali, hauna tukio. Hadithi yote imeletwa na mwongozaji. Alijiuliza: mtu huyu anayeambiwa avumilie, yuko wapi? Akamweka kwenye foleni. Na kwa uamuzi huo mmoja, uvumilivu ukapata umbo la kuonekana.

Sasa linganisha na jadi yetu. Sisi tuna utajiri mkubwa wa nyimbo za visa. Professor Jay alijenga jina lake kwa wahusika: mwanasiasa wa ahadi nyingi katika "Ndiyo Mzee", kijana maskini aliyeangukiwa na bahati katika "Zali la Mentali". Ferooz, mwaka 2004, alitoa "Starehe", wimbo wa mtu aliyeambukizwa Ukimwi anayesimulia alivyofika alipofika, na nchi nzima ilisimama kumsikiliza. Nyimbo hizo hazihitaji picha ili zieleweke. Mwimbaji amekwisha kukuchorea kila kitu kwa maneno: kitanda, chumba, rafiki aliyekuja kumjulia hali. Ndiyo nguvu yake, nami naiheshimu mno. Lakini imetuachia mazoea ambayo naona yanatudumaza kwenye video. Maneno yakisema mlango, picha inaonyesha mlango. Maneno yakisema mama analia, tunaonyeshwa mama analia. Picha inakuwa mtumishi wa kurudia. Jake Scott aliiambia picha iseme kitu ambacho wimbo haujasema, na hapo ndipo video ikawa kazi inayojitegemea.

Wala wazo la foleni hakulitoa hewani. Mwaka 1963 mwongozaji wa Kiitaliano, Federico Fellini, alitoa filamu iitwayo "8½". Inaanza na mwanamume aliyekwama kwenye msongamano wa magari. Moshi unajaa ndani ya gari lake, hawezi kufungua, anahangaika na vioo, na watu wa magari mengine wanamtazama tu bila kufanya lolote. Kisha anachomoka, anaelea juu ya magari hadi mawinguni. Ni ndoto. Scott alichukua msongamano ule ule na ukimya ule ule, miaka 30 baadaye, ila akageuza jambo moja kubwa. Kwa Fellini, mmoja ndiye anayeteseka na wengine ni macho yanayomtazama. Kwa Scott, kila aliyemo kwenye foleni ana la kwake. Hakuna mtazamaji. Ukimtazama jirani yako kupitia kioo, maandishi yanakuonyesha kwamba naye hayuko salama.

Haya maandishi ndiyo yaliyonifanya nilete mazungumzo haya hewani, kwa sababu yanagusa kitu ambacho sisi tunakijua kuliko mji wowote wa Texas. Toka nje sasa hivi, simama ukingoni mwa barabara hii ya Dar es Salaam kwenda Zambia, usome malori. Kwenye kioo cha mbele, kwenye bampa, nyuma ya tela, ubavuni mwa sanduku la vyombo: dua, jina la mtoto, methali, shukrani kwa mama, kijembe kwa adui asiyetajwa. Dereva mwenyewe unaweza kukaa naye saa nzima asikwambie habari zake, lakini gari lake limekwisha kukueleza. Kwa hiyo mtu wa Tunduma akiiona video ya R.E.M. kwa mara ya kwanza, hahitaji kufundishwa kusoma moyo wa mtu kwenye maandishi ya barabarani. Anafanya hivyo kila siku akienda sokoni.

Ila kuna tofauti, na tofauti hii ni nzito. Maneno ya kwenye lori dereva ameyachagua mwenyewe. Ni yale aliyo tayari ulimwengu uyasome. Maandishi ya kwenye video ni yale ambayo mtu asingeyaandika popote. Pengo kati ya haya mawili, msikilizaji, ndipo hadithi ilipo. Nyuma ya gari pameandikwa kwamba Mungu yupo. Ndani ya kichwa cha gari mtu anahesabu: posho imebaki kiasi gani, mtoto ana homa huko Morogoro, mke hapokei simu, tajiri anapiga kila baada ya saa moja kuuliza umevuka au hujavuka.

Nikae hapo kidogo, maana foleni yetu inasemwa sana kwa hesabu za tani na mapato, na watu waliomo ndani yake hawasemwi. Mchana wa kawaida, ukishuka kutoka Mpemba kuelekea mpakani, utamkuta utingo ameinama chini ya tela na nyundo fupi, anagonga tairi moja moja. Anasikiliza. Tairi lenye upepo linajibu kwa mlio mmoja, lililopungua linajibu kwa mwingine, naye hahitaji kipimo. Pembeni, kifuniko cha sanduku la chuma lililofungwa ubavuni mwa tela kimeshushwa kikawa meza. Juu yake kuna jiko dogo la gesi, sufuria ya ugali, kitunguu kimekatwa nusu na nusu imefunikwa kwa ajili ya jioni, kwa sababu hakuna anayejua jioni itamkuta mita ngapi kutoka pale. Mama anapita na ndoo ya maji na beseni la ndizi. Kijana anapita na bunda la kwacha. Gari la mbele likiwaka, sufuria inashuka kabla haijaiva, kifuniko kinafungwa, mnasogea urefu wa magari mawili, injini zinazimwa, sanduku linafunguliwa tena.

Shehena yenyewe unaifahamu. Kwenda juu: mafuta, mbolea, salfa ya viwandani, mitambo. Kurudi: shaba, kutoka Zambia na kutoka Lubumbashi na Kolwezi huko Kongo. Oktoba 2019 marais wa wakati ule, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, walifungua hapa mpakani kituo cha pamoja cha forodha, ili gari lisimame na kukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, badala ya mara mbili. Kilisaidia. Mei 2020 Zambia ikaufunga mpaka huu, upande wake wa Nakonde, kwa ajili ya korona, na mji huu ukaona foleni ya namna ambayo watoto waliokuwa shule ya msingi wakati ule bado wanaikumbuka. Na hadi leo, mfumo wa kompyuta ukizimika upande mmoja, au nyaraka za mzigo zikichelewa, mstari unarudi nyuma hadi Mpemba na kuendelea.

Watu wa video ya San Antonio wamekwama kwa saa. Wa kwetu wanakwama kwa siku. Na hapo ndipo mwisho wa video unaponipa shida.

Kwenye video wanashuka na kuondoka. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na inanigusa kila mara, nasema kweli. Vinanda vya nyuzi vinavyosikika pale alivipanga John Paul Jones, yule wa bendi ya Led Zeppelin, na vinaingia polepole hadi unasikia kifua kinafunguka. Kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa ya wimbo, mapigo ni ya mashine ndogo ya ngoma, tik, tik, tik, pigo lisilo na haraka wala hasira, kama taa ya kuashiria iliyosahauliwa inawaka. Ajabu yake ni kwamba aliyeuleta wimbo huu kwa wenzake ni Bill Berry, mpiga ngoma wao, na ngoma zake mwenyewe karibu hazisikiki. Mashine inakushikilia kwenye foleni, nyuzi zinakutoa. Muziki na picha vimefunga ndoa hapo, na kila mhariri wa video wa Mlowo na Vwawa angefaa kukaa na dakika ile, aone kamera inavyosubiri muziki uipe ruhusa.

Lakini dereva wa lori hashuki akaondoka. Mzigo umefungwa kwa lakiri ya forodha, na jina lililo kwenye karatasi ni la kwake. Akiliacha gari, asubuhi hakuna mafuta kwenye tangi, hakuna betri, pengine hakuna turubai. Akiondoka, kazi imekwisha, na kampuni nyingine zitasikia. Mwisho ule unamfaa mtu mwenye gari lake dogo ambaye amebeba huzuni yake tu. Kwa dereva wa Tunduma, anayevuta tani 30 za mtu mwingine, kushuka na kutembea ni adhabu. Sisemi Jake Scott alikosea. Alimalizia vizuri kisa cha watu wake. Ninachosema ni kwamba kijana wa hapa akichukua wazo la foleni na kuliiga mpaka mwisho, atatoa video ya uongo, na kila mama anayeuza ugali pale stendi ataijua kuwa ni ya uongo.

Nani basi anayetoka kwenye foleni yetu, na anatokaje? Nimewasikia madereva wakieleza. Hutoka kwa simu. Hutoka kwa usingizi. Wengine hutoka kwa pombe, tusifichane. Wengine hutoka kwa kukaa pamoja chini ya tela moja, Mtanzania, Mzambia, Mkongo, na bao la drafti lililochorwa kwenye boksi na vizibo vya soda. Hapo katikati ya mchezo ndipo mwanamume anaposema jambo ambalo hajalisema nyumbani, kwa mtu ambaye hatamwona tena. Hicho ndicho kitendo chetu kinachoweza kusimama mahali pa ule mwendo wa miguu.

Na kuzungumza huko kuna uzito kuliko kunavyoonekana. Mwaka 1995 huko Uingereza, shirika la Samaritans, linalopokea simu za watu waliochoka kuishi, liliweka tangazo magazetini. Tangazo zima lilikuwa maneno ya wimbo huu na namba ya simu, hakuna kingine. Walikuwa wanawalenga wanaume vijana, kwa sababu vijana wa kiume walikuwa wanajiua kwa wingi huku wakiwa wazito kupiga simu kuomba msaada. Nikifikiria ni mahali gani hapa kwetu utawakuta wanaume wengi kwa pamoja, mbali na nyumbani, bila usingizi wa maana, wakiwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume halalamiki, jibu langu ni barabara hii.

Najua kuna msikilizaji anayesema: sawa, lakini rock inatuhusu nini? Nitamjibu kwa ufupi. Vuka hapo Nakonde, endelea hadi miji ya shaba, Kitwe na Ndola. Miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa na rock yao wenyewe, ikaitwa Zamrock. Bendi ya WITCH, na mwimbaji wake Emmanuel Chanda, aliyejulikana kama Jagari kwa kufananishwa na mwimbaji wa rock Mick Jagger, walikuwa wanajaza kumbi. Bei ya shaba ilipoporomoka katikati ya muongo ule, uchumi wa Zambia ukaporomoka nayo, na kumbi zikanyamaza. Kisha Ukimwi ukawachukua wengi wa wanamuziki wale. Jagari mwenyewe aliishia kuchimba vito, mpaka wapenzi wa muziki kutoka Ulaya na Marekani walipozifufua sahani zao, naye akarudi jukwaani akiwa mzee. Sahani tunazo. Video ya kisa ya Zamrock, iliyopigwa wakati ule ili tuone nyuso za watu walioucheza muziki huo, sijapata kuiona. Shaba iliyowanyanyua na kuwaangusha ndiyo hii inayopita mbele ya duka lako kila siku. Kwa hiyo rock ina ujirani na sisi, na njia yake ni hii hii.

Tena kisa cha foleni hakidai gitaa la umeme. Piga kwa singeli ukitaka, ingawa mimi naona kasi ya singeli italitibua lile tik, tik la kusubiri. Bongo Fleva ya polepole itafaa. Kalindula, muziki wa ng'ambo Zambia, itafaa zaidi, kwa sababu madereva wanaijua kutoka Mpika hadi Kapiri Mposhi.

Mambo mawili ningependa kumwambia atakayeifanya. Moja ni la msanii. Tazama video ya R.E.M. uone mwimbaji amekaa wapi: ndani ya foleni, kwenye gari kama magari mengine, na kwa muda mrefu kamera inampita kama inavyowapita wengine. Bendi ile wakati huo ilikuwa miongoni mwa bendi kubwa duniani, albamu yao "Automatic for the People" ikiuzwa kwa mamilioni, nao wakakubali kuwa abiria kwenye kisa cha watu wasiojulikana. Hilo ni gumu kwa msanii wetu. Amelipia video kwa pesa yake, anataka aonekane, anataka asimame mbele ya lori kubwa jipya mikono imekunjwa. Msikilizaji, lori likiwa pambo nyuma ya mgongo wa msanii, dereva wake amefutwa. Msanii akae kiti cha utingo. Aimbe akiwa huko.

La pili ni la lugha. Kwenye foleni ya San Antonio maandishi mengi ni ya Kiingereza. Ya kwetu hayawezi kuwa ya lugha moja. Dereva wa Dar anawaza kwa Kiswahili, mwenzake wa Kitwe kwa Kibemba, wa Lubumbashi kwa Kiswahili chake cha Katanga. Mama wa ndizi anawaza kwa Kinyamwanga, na dada yake kaolewa upande wa Zambia, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kwa hiyo mpaka anaouwaza yeye si ule anaouwaza dereva. Andikeni kila mtu kwa lugha yake. Msitafsiri yote. Mtazamaji wa Tunduma atasoma tatu kati ya hizo nne bila shida, na mtazamaji wa Dar atalazimika kutazama uso badala ya maandishi, jambo ambalo litamfaa.

Kabla hamjawasha kamera, ombeni ruhusa ya kila dereva mtakayempiga picha, na muulizeni anawaza nini badala ya kumbunia. Mkipata wanne watakaojibu kweli, video mnayo. Namba ya ujumbe mfupi ya studio iko wazi mpaka saa tatu usiku. Madereva mlio kwenye mstari jioni hii, tuandikieni mlichokuwa mnawaza wakati nikizungumza, kwa lugha yoyote, bila jina, nasi tutayasoma hewani jinsi yalivyo.